Unataka kufunga sola Mwanza? Piga hesabu hizi kabla hujaenda dukani

Watu wengi hapa Mwanza wakiamua kufunga sola wanaanzia dukani. Mtu anaingia na hela yake mkononi anauliza "hii inanipatia nini", muuzaji anampangia paneli, betri na inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa TANESCO) vya hela hiyo hiyo, fundi anakuja jumapili anafunga, wiki mbili tatu za kwanza nyumbani ni furaha tupu, halafu masika inaingia na ikifika saa tatu usiku inveta inaanza kulia pii pii. Lawama zote zinaenda kwa sola, eti haina nguvu, wakati hakuna aliyekaa chini akahesabu hiyo nyumba inakula umeme kiasi gani. Mi nashauri uanze na matumizi, kisha upande kwenye paa ukaliangalie vizuri, dukani iwe mwisho kabisa, na ukifika huko wewe ndio umwambie muuzaji unachotaka.

Jiulize kwanza sola unaitakia nini, maana majibu hayafanani na vifaa havifanani. Kama uko Nyakato au Buhongwa na LUKU unayo, kinachokukera ni kukatika katika tu, basi wewe unahitaji betri nzuri na inveta, paneli chache za kusaidia, na betri inaweza hata kuchajiwa na TANESCO umeme ukiwepo. Kama lengo ni kupunguza bili, angalia uko tarifu gani, yaani daraja gani la bei ya umeme. Wale wa matumizi madogo, chini ya uniti 75 kwa mwezi, wamekuwa wakilipa shilingi 100 na kidogo kwa uniti ukiweka na kodi, sasa ukifunga mtambo wa mamilioni ili ukwepe bili ya chini ya elfu kumi kwa mwezi hiyo hela hairudi leo wala kesho. Ambaye hesabu inaanza kumkubali ni yule wa tarifu ya juu, inayozidi shilingi 350 kwa uniti, mwenye mafriji, pampu ya maji, labda na saluni au biashara ya juisi hapo hapo nyumbani. Na kama uko kisiwa kidogo au mwaloni ambako nguzo hazijafika, sola ndio umeme wako wote, hapo usikubali mtambo wa kubahatisha, lazima uweke akiba ya siku za mawingu. Wavuvi wa dagaa walishalielewa hili, wengi wameacha karabai wanatumia taa za LED za betri zinazochajiwa na sola mchana, na mvuvi hawezi kukubali taa izime katikati ya usiku wakati dagaa ndio wamekusanyika.

Haya tuje kwenye hesabu, chukua karatasi. Kila kifaa kina wati zake zimeandikwa nyuma au chini, zidisha mara masaa unayokitumia kwa siku, unapata wati-saa, yaani umeme kinaokula kwa siku. Tuchukue nyumba ya kawaida: taa za LED sita za wati 9, masaa matano, ni 270. TV ya inchi 32 kama wati 50, masaa sita, 300. King'amuzi wati 15 masaa hayo hayo, 90. Simu nne kuchaji, weka 60. Feni moja wati 50 ya kulalia masaa nane, 400. Jumla hapo ni 1120. Sasa ongeza friji dogo jipya, lile linalokula kama 900 kwa siku, umefika 2020. Ona hapo, friji peke yake limekaribia kuwa nusu ya nyumba nzima. Na friji la mtumba la zamani linaweza kula mara mbili ya hapo, kwahiyo wakati mwingine ni nafuu kubadilisha friji kuliko kuongeza paneli na betri za kulilisha friji bovu.

Vifaa vya moto viweke pembeni kabisa. Pasi inakula wati 1000 na zaidi, jagi la kuchemshia maji 1500 hadi 2000, heita ya kuogea inaweza kupita 3500. Hivyo viache kwenye TANESCO, na kupika tumia gesi. Ukiwa na ng'ombe kadhaa wa ndani, mfano watu wa Kisesa na Magu, fikiria pia biogesi, kinyesi kinageuka moto wa kupikia na kinachobaki ni mbolea ya bustani, ila inataka maji na mtu wa kulisha mtambo kila siku bila kuruka. Upepo wa kuzungusha tabaini nyumbani huku mi sishauri, upepo wa ziwa unakuja na kuondoka, hela hiyo hiyo ukiiweka kwenye paneli unapata zaidi.

Tuendelee na ile 2020. Mwanza tuko nyuzi 2 na nusu tu kusini mwa ikweta, jua tunalo la kutosha, kwa wastani unaweza kuhesabu kama masaa matano ya jua kali kwa siku. Lakini usipange kwa wastani, panga kwa siku mbaya, zile za masika mwezi wa tatu mpaka wa tano na za vuli kuanzia wa kumi mpaka wa kumi na mbili, mi natumia masaa manne. Pia kuna umeme unaopotea njiani, kwenye waya, inveta, joto la paneli na vumbi, kwahiyo zidisha matumizi kwa 1.3. 2020 mara 1.3 ni kama 2630, gawa kwa 4 unapata 656, maana yake unahitaji paneli za wati 650 hadi 700. Ile nyumba isiyo na friji ukiipigia hesabu hiyo hiyo inatosheka na wati 350 hadi 400. Ukitoka hapo umeshajua kama hela yako inatosha au uanze bila friji uje uongeze baadae, na hakuna ubaya wowote kuanza kidogo.

Betri ndio sehemu watu wanapigwa zaidi, na ndio sehemu ya kuweka hela nyingi. Betri iliyoandikwa 12V 200AH (volti 12, ampia-saa 200) ukizidisha unapata wati-saa 2400, lakini kama ni ya asidi, iwe ya maji au hizi kavu za jeli, haitakiwi ushuke chini ya nusu, ukiimaliza kila usiku utaiua ndani ya muda mfupi. Kwahiyo unachotumia kweli ni 1200. Nyumba yetu ile yenye friji usiku inakula kama 1500, bado hujaweka akiba ya kesho yake yenye mawingu, hapo ni betri mbili za 200AH. Lithiamu, ile aina ya LFP, unaweza kuitumia mpaka asilimia 80 na haidhuriki, moja ya 200AH inakupa 2000 hivi. Bei ya kununulia iko juu, nakubali, lakini jeli inayoshushwa nusu kila siku unaongelea mizunguko 500 na kitu ya kuchaji na kutumia wakati lithiamu nzuri ni zaidi ya 2000, kwahiyo ukigawa bei kwa miaka lithiamu mara nyingi inakuwa ndio rahisi. Ukichagua lithiamu hakikisha chaja kontrola (kifaa kinachosimamia umeme wa paneli unavyoingia kwenye betri) na inveta vina setingi ya lithiamu, usichomeke tu kwenye vifaa vilivyosetiwa jeli.

Betri ya asidi ya 200AH ya ukweli ina uzito wa kilo 55 mpaka 60. Ya 100AH inakaribia 30. Sasa ukiona betri ya "200AH" kijana mmoja anaibeba kwa mkono mmoja kama ndoo ya dagaa, achana nayo, risasi ndani haipo. Nenda na mzani, au omba dukani wapime, muuzaji mwenye mali nzuri hatakataa. Paneli nazo zina kipimo chake. Mita moja ya mraba ya paneli nzuri ya siku hizi inatoa kama wati 200 na kidogo, kwahiyo kipaneli cha nusu mita ya mraba kilichobandikwa "200W" hicho ni uongo. Paneli ndogo ya wati 100 itoe nje juani saa sita mchana, tumia multimita (mita ya kupimia umeme) upande wa ampia 10, gusisha waya mbili za paneli: iliyo sahihi inakupa ampia 5 na nusu au zaidi, ikikupa 3 ujue ni ya wati 50 imebandikwa stika. Usifanye hivyo kwa paneli kubwa za wati 400 na kuendelea, hizo zinazidi ampia 10, utaunguza fyuzi ya mita, kwa hizo tumia klampu mita ya DC, ile inayobana waya kwa nje.

Hapa kuna kosa lingine naliona sana mtaani. Mtu ananunua paneli kubwa ya wati 450 kwasababu bei kwa wati iko chini, halafu anaifunga kwenye kontrola ya bei chee ya PWM na betri moja ya volti 12. Ile paneli inafanya kazi kwenye volti 40 na kitu, ampia 11 hivi. PWM haibadilishi chochote, inapitisha ampia zile zile 11 kwa volti za betri, 13, jumla wati 143. Umelipia 450 unapata 143, na mwaka mzima utakuwa unasema Mwanza jua dogo. Paneli hizo zinataka kontrola ya MPPT, yenyewe ndio inageuza volti za ziada kuwa ampia. Na kabla ya kuunga paneli mbili kwa mfululizo (chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, volti zinajumlishwa) angalia kontrola inabeba volti ngapi mwisho, zikizidi inaungua hapo hapo.

Waya nao. Kwenye volti 12 waya mwembamba unakula umeme mbaya. Chukua ampia 20 kupita kwenye waya wa 2.5 (milimita za mraba) umbali wa mita 10 kutoka kwenye paa mpaka chumba cha betri, unapoteza karibu volti 3 nzima, yaani robo ya umeme wako imeishia kupasha waya moto. Ukiweka wa 6 upotevu unashuka mpaka volti 1 na kidogo, bado ni nyingi. Ndio maana mtambo ukizidi wati 500 hivi nashauri uende volti 24, ampia zinakuwa nusu, na betri na inveta viwekwe karibu karibu na waya mnene kati yao, maana inveta inayotoa wati 1000 kwenye volti 12 inavuta zaidi ya ampia 80 kwenye betri. Kwa inveta chukua ile ya wimbi safi (pure sine wave), friji, feni na pampu vinaunguruma na kuchemka kwenye zile za bei ya chini. Na vitu vyenye mota vinavuta mara kadhaa ya wati zake pale vinapowaka, pampu ya nusu hospawa inaandikwa wati 370 lakini kuianzisha tu inaweza kutaka zaidi ya 1200, ikiwa inveta yako ni ya 500 haitainyanyua.

Sasa panda juu ya paa. Mji wetu umejaa mawe na vilima, na hili mafundi wanaotoka mikoa ya tambarare huwa hawaliwazi. Kuna nyumba ya mzee mmoja Mabatini ina jiwe kubwa upande wa mashariki limeipita nyumba kwa urefu, paneli zake zilifungwa chini ya jiwe kwasababu ndio upande wa karibu na chumba, jua likawa linazifikia saa nne na nusu asubuhi. Alikuwa anapoteza masaa yote ya asubuhi, wakati mchana mawingu nayo yanakuja. Walipozihamishia upande wa pili wa paa betri ikaanza kujaa. Kwahiyo kabla ya kutoboa bati, kaa siku moja uangalie kivuli saa mbili asubuhi, saa sita, na saa kumi jioni, kivuli cha jiwe, mwembe, tenki la maji la jirani, hata antena. Usidharau kivuli kidogo, kikifunika kona ya paneli moja kinaweza kushusha mstari wote wa paneli zilizoungwa kwa mfululizo. Na kumbuka jua linahama, kati ya mwezi wa tatu na wa tisa linapita upande wa kaskazini, miezi mingine kusini, kivuli cha mwezi wa sita sio cha mwezi wa kumi na mbili.

Mwelekeo usikusumbue sana. Elekeza kaskazini ukiweza, mlalo wa nyuzi 10 mpaka 15 unatosha, mashariki au magharibi kwa mlalo huo huo unapoteza kidogo tu. Wanaosimamisha paneli nyuzi 45 wameiga picha za Ulaya, huku jua linapita karibu na utosi. Lakini usilaze kabisa flati, maji yatasimama na uchafu utaganda kwenye ukingo wa chini. Acha nafasi ya sentimita 10 chini yake hewa ipite maana paneli ikichemka inapungua nguvu. Toboa kwenye mgongo wa bati, sio kwenye bonde maji yanapopita, weka raba na silikoni, na boliti zishike mbao, zisishike bati tupu. Upepo wa mvua unaotoka ziwani unabeba mabati mazima, paneli ya kilo 23 isiyoshikwa vizuri ni hatari kwa aliyeko chini. Angalia na mbao zenyewe kama hazijaliwa na mchwa. Ukiwa mpangaji kubaliana na mwenye nyumba mapema kwa maandishi kwamba ukihama unahama navyo.

Radi. Ziwa Victoria ni kati ya sehemu zenye radi nyingi sana duniani, hasa usiku, kwahiyo hili sio la kuruka. Fremu za paneli na inveta vinatakiwa viwe na ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini), na pawepo kifaa cha kukinga mshtuko wa radi upande wa paneli na upande wa nyumba. Shida yetu ni mwamba, ethi rodi unapiga nyundo inaingia kidogo inagonga jiwe, fundi mvivu anaikata kwa juu anafukia, kwa macho inaonekana nzuri kumbe haifiki popote. Mahali pa mawe chimba mtaro mrefu pale penye udongo ulaze waya wa kopa kwa ulalo, au tafuta sehemu zenye udongo katikati ya mawe uweke rodi kadhaa uziunganishe, na afadhali pawe pale maji ya kuogea yanapoishia ili udongo uwe na unyevu. Mwambie fundi akupimie ethi kwa kipimo chake mbele yako, asiyekuwa nacho aazime.

Na hii naisema kwa uzito wote: kama nyumba ina TANESCO, inveta usiichomeke kwenye soketi ya ukutani ili "irudishe" umeme nyumba nzima. Weka chenji ova (swichi ya kuchagua umeme mmoja kati ya miwili) ili umeme wa inveta na wa TANESCO visikutane kamwe. Umeme ukirudi nyuma kwenye laini kuna mtu yuko juu ya nguzo anajua laini imekufa. Kazi hii mpe fundi mwenye leseni ya EWURA, mwombe akuonyeshe, mwenye nayo anaionyesha bila kununa. Betri za maji usiziweke chumba cha kulala, zinatoa gesi zikichajiwa, ziwekwe penye hewa, mbali na watoto, na ziongezewe maji ya betri ya dukani, sio ya bomba wala ya ziwa.

Kuna hizi sola za kulipa kidogo kidogo kwa simu. Kwa mtu wa kijijini anayetaka taa nne na kuchaji simu ni msaada mkubwa, mtoto anasoma usiku bila moshi wa kibatari. Ila zidisha malipo ya siku kwa siku zote za mkataba uone jumla, uliza ukichelewa inazimwa baada ya siku ngapi, betri ikifa katikati ya mkataba nani anabadilisha, na ofisi ya karibu iko wapi, maana kama uko Kome na ofisi iko mjini nauli ya kivuko nayo ni gharama.

Usafi wengi wanausahau. Maji ya ziwa letu hayana chumvi kwahiyo hatuna ile kutu ya watu wa pwani, lakini tuna vumbi la barabara za udongo kuanzia mwezi wa sita, tuna wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama wingu la moshi, na tuna makorongo, na kinyesi cha korongo mmoja kinafunika paneli vizuri sana. Kiangazi osha angalau kila baada ya wiki mbili, alfajiri paneli ikiwa baridi, maji na kitambaa laini, bila sabuni ya unga, bila steelwire. Hii pia ni sababu ya kufunga mahali unapofikika bila kuhatarisha mgongo wako.

Mwisho ni malipo. Usimalize kumlipa fundi siku ile ile, bakisha kiasi mlichokubaliana kabla hajaanza. Jioni betri ikiwa imejaa washa kila kitu ulichokiorodhesha kwenye karatasi kwa pamoja, friji, feni, TV, taa zote, acha vikae masaa mawili, kisha pitisha kiganja kwenye waya na viungio kwa nje: vuguvugu kidogo sawa, ikiwa ya moto pana waya mwembamba au skrubu haijakazwa, arudie. Mwambie akuandikie kwenye ukuta pembeni ya inveta namna ya kuzima, breka ipi inatangulia, na volti ya betri ambayo ukiiona unatakiwa uzime friji, ili hata mama na watoto wajue usipokuwepo. Asubuhi soma volti kabla jua halijatoka, kama betri ya jeli ya volti 12 iliyopumzika bila mzigo iko 12.2 au zaidi umebaki na nusu, hapo mpigie fundi aje achukue hela yake iliyobaki.